Mashavu ya Regina

Yusta alikwangua masizi chini ya sufuria, akampaka Regina mashavu yote mawili kama apakwavyo mtoto mwenye matumbwitumbwi. Regina ana miaka ishirini na miwili. Alikaa barazani kwao Rusimbi, karibu na ziwa, weusi ukimfika shingoni, na mama yake, Eufrasia, akawa anajiuliza: matumbwitumbwi gani haya yasiyo na homa wala maumivu, yaliyokuja na masika na sasa ni kiangazi?

"Yatashuka," alisema Yusta, wifi ya Eufrasia na shangazi wa Regina. "Na yasiposhuka ni unono. Si mlikuwa mnalalamika kakonda?"

Hapo ndipo akili ya Eufrasia ilipokwama. Binti alikula. Ugali na samaki wa mgebuka aliumaliza, akaongeza, akalamba na vidole. Uso ukajaa, gauni likapwaya. Chakula kilikwenda wapi?

Jino lilipomeguka akitafuna mkate, wakaenda kwa daktari wa meno mjini. Akammulika kinywani muda mrefu.

"Meno yamelika upande wa ndani. Na huku mashavuni ni tezi za mate zimevimba. Dada, unatapika?"

Eufrasia akadakia, "Ana mimba?"

"Sina mimba, mama," alisema Regina, akiitazama taa. "Nakula, halafu najitapisha. Mwanzo nilikuwa nataka. Siku hizi sijui kama nataka."

Daktari akaeleza: ni asidi ya tumboni inayokula meno, akitapika asukutue kwa maji, asipige mswaki papo hapo, na kuziba jino peke yake hakutoshi, amwone mtaalamu wa afya ya akili hospitalini. Eufrasia aliitikia kila neno, asielewe hata moja. Njaa aliijua tangu utotoni. Lakini njaa ya mtu mwenye sahani mbele yake, hiyo nani alimfundisha?

Njiani akaikumbuka sherehe ya kipaimara cha Regina. Yusta alisema mbele ya wageni kwamba mtoto huyu, kwa unene wake, akipanda mtumbwi, dagaa wote watahamia Kongo. Watu walicheka hadi machozi. Eufrasia akamwambia binti azungushe maji ya kunawa. Waliocheka wamesahau, kwao kusahau ni kazi nyepesi. Aliyebeba jagi hakusahau.

Kesho yake mchana Yusta akaingia, akauona uso wa Regina.

"Kumbe ni unono kweli. Umependeza, shangazi."

"Wifi, mwili wa mwanangu tusiuseme tena humu ndani."

"Kosa langu nini? Nimemsifia."

"Uliomcheka na unaomsifia ni mdomo uleule."

Yusta akajifunga kanga, akaondoka bila kuaga.

Regina alikuwa amemaliza kula. Akautazama mlango wa uani, kiliko choo. Eufrasia hakujua amshike mkono au amwache. Hilo hakumwuliza daktari.

"Kaa nami kidogo."

"Nisipoweza?"

"Sijui, mwanangu. Ukishindwa niite, nikuletee maji ya kusukutua."

Regina akabaki mkekani, jasho linamtoka. Eufrasia akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele aliokwisha kuuchambua asubuhi.