Mtihani wa Jiju

Khalfan alipoingia na mbwa ndani ya fleti, mkewe Vumilia hakupiga kelele. Heri angepiga, maana kelele za Vumilia alizizoea kwa miaka ishirini na sita na alijua zinavyoisha. Lakini Vumilia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama yule mtoto wa mbwa aliyesimama mlangoni kwa miguu mirefu kuliko akili yake.

"Wa nini huyu?"

"Wa kuwinda, mke wangu."

"Kuwinda nini hapa Langley Park? Mabasi?"

Tumwonee huruma Khalfan kidogo, jamani. Ni mtu wa Handeni. Babu yake alikuwa na mbwa saba, wakilinda mahindi na kusaka porini, na Khalfan mdogo akiwafuata nyuma peku. Leo yuko ughaibuni, fundi wa mabasi ya mji, saa kumi na nusu alfajiri keshatoka, jioni anarudi mikono inanuka grisi. Tangu binti yao aende chuo huko Ohio, nyumba imepoa mpaka friji linasikika likikohoa. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha mtoto wa mbwa, ndiyo basi tena.

Na aliyemwonyesha ni rafiki yake Kimutai, Mkenya anayelima mboga, sukuma wiki na managu, mbele kidogo ya mji wa Upper Marlboro, akiuzia maduka ya Waafrika. Kulizaliwa watoto sita pale shambani. Mama yao alikuwa mbwa wa mashindano ya mbio aliyestaafu, mwembamba, mpole, anakimbia utadhani anafukuzwa na deni. Baba ni kijibwa kibishi cha jirani, hakuna shimo kisiloingiza pua. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio wawindaji wa sungura wanautafuta: mbio za mama, ubishi wa baba.

"Chukua mmoja, buda," Kimutai alisema. "Umfunze, halafu uniletee. Hawa sungura wanakula hii shamba ni kama ni ya baba yao."

Khalfan akachukua mmoja wa rangi ya majivu, manyoya yamesimama ovyo kana kwamba kaamka sasa hivi. Akamwita Watajiju, yaani watajua wenyewe. Kwao mbwa hupewa jina la kuwajibu watu, na Khalfan alijua Watanzania wa jengo lile watasema tu. Kwa kifupi, Jiju.

Vumilia ni binti wa mwalimu wa madrasa wa Tanga. Alikaa kwenye kochi, akakunja mikono, akatoa hukumu.

"Mbwa wa urembo haingii nyumba hii. Mbwa wa kuwinda, sawa, huyo dini imemwachia nafasi yake. Lakini awe amefunzwa, na aliyefunzwa ana alama zake. Ukimtuma, aende. Ukimwita, arudi. Akikamata, asile, akushikie wewe. Mara tatu mfululizo, na ya tatu niione kwa macho yangu haya. Msimu wa sungura unaisha mwisho wa Februari. Ukiisha hajafaulu, anarudi kwa Kimutai."

"Na akifaulu?"

"Kwanza afaulu."

Jiju akapewa kona ya mlangoni, juu ya zulia kuukuu, na mpaka usiovukwa. Kwa kuwa dini inataka vyombo vitakavyolambwa vioshwe mara saba, mara moja iwe kwa udongo, Khalfan alikwenda duka la bustani akanunua mfuko mkubwa wa udongo, tena wa bei. Akautua jikoni kwa fahari. Vumilia akausoma mfuko mbele na nyuma.

"Khalfan! Umeandikwa una samadi ya ng'ombe! Unataka kuondoa najisi kwa mavi?"

Mfuko ukarudi dukani. Muuzaji aliuliza kama una kasoro, Khalfan akamwambia umezidi rutuba.

Palibaki tatizo la asubuhi. Khalfan akiondoka gizani mbwa hubaki, na kibofu cha mbwa hakijui shifti. Vumilia, ambaye kazi yake ya hotelini huanza saa sita mchana, akasema atamteremsha yeye, kwa ajili ya kuokoa zulia tu. "Simpendi wala simgusi," alisema. "Nakwambia mapema tusije tukalaumiana."

Mafunzo yakaanza Oktoba. Khalfan alifunga ngozi ya sungura kwenye kamba, kamba kwenye fimbo, akawa anaizungusha katika uwanja wa nyuma ya majengo. Jiju aliiona ngozi, akasahau ana miguu minne, akaanguka, akainuka, akairukia. Watu walisimama kwenye madirisha kumtazama mzee wa miaka hamsini na mbili akizunguka kama pia, huku anacheka peke yake. Raha aliyoipata! Alirudi ndani anahema, suruali ina tope magotini, akala wali sahani mbili.

Lakini akafanya kosa, na kosa lenyewe lilitokana na ukarimu. Kwao Khalfan huwezi kumwita kiumbe halafu umpe kitu kitupu, ni aibu. Basi ndani ya ngozi akawa anashona vipande vya kuku wa jana, vyenye viungo kabisa, ili mbwa asijione amedanganywa. Jiju akajifunza haraka. Akajifunza kwamba sungura ni kitu cha kupasua, maana uhondo uko ndani.

Jumamosi ya kwanza ya msimu, kibali cha kuwinda kikiwa mfukoni, Khalfan alisema bismillahi akamwachia Jiju shambani kwa Kimutai. Sungura alichomoka kwenye sukuma wiki, Jiju akanyooka nyuma yake, akapinda alipopinda, akamkamata kabla ya kufika uzio. Khalfan alipiga vigelegele, mwanamume mzima! Alipofika, paja moja la sungura halipo.

Jioni alimsimulia mkewe kila kitu, kuku na viungo vyake vyote.

"Yaani umemfundisha kufungua bahasha," Vumilia alisema, akacheka mpaka akashika ukuta. "Halafu unamlaumu kwa kusoma barua!"

Ikabidi kuanza upya. Ngozi sasa ikawa ngumu, imejazwa matambara, haina kitu cha kula. Jiju akiileta mkononi nzima nzima, anapewa kipande cha ini la kuku. Akiitafuna, hapati kitu, mchezo umekwisha, wanarudi nyumbani. Novemba ikapita hivyo, na Desemba, na theluji ya Januari iliyowafungia wiki mbili. Mara akashika vizuri, mara akatafuna masikio. Khalfan alikuwa akihesabu Jumamosi zilizobaki, na usingizi ukaanza kumpaa.

Mwanzoni mwa Februari, Jiju alikamata sungura, akamleta, akamweka kwenye kiganja cha Khalfan bila hata jino kupenya. Moja. Wiki iliyofuata, tena. Mbili. Kimutai akasema huyu sasa si mbwa, ni askari.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Khalfan hakumwambia mtu. Kwenda, Jiju alikwenda. Kula, aliacha. Lakini kurudi akiwa katikati ya mbio, hapana. Akishamwona sungura masikio yanafunga duka. Umwite, umpigie mluzi, ulie machozi, haji mpaka amalize. Khalfan alimwomba Mungu Vumilia asikumbuke alama ile.

Jumamosi ya mwisho walikwenda wote. Vumilia alivaa koti zito, akasimama penye njia ya trekta, mikono mfukoni, kama msimamizi wa mtihani wa taifa. Khalfan akamtuma Jiju. Sungura akatoka, mbio, vumbi la barafu, na dakika haijafika Jiju akarudi amembeba mzima, akamkabidhi. Kimutai akapiga makofi. Khalfan akamgeukia mkewe, meno yote nje.

"Kula hajala," Vumilia alisema. "Kwenda kaenda. Kurudi je?"

"Si amerudi huyu?"

"Amerudi akiwa amemaliza. Hata mlevi hurudi akimaliza. Nataka umwite akiwa bado anataka."

Khalfan alimtazama yule mbwa wake, ulimi nje, furaha tupu, hajui kwamba leo ndiyo leo. Akamtuma tena.

Sungura wa pili hakuelekea uzioni. Alikata kushoto, akapita penye lango lililokuwa wazi, kuelekea barabara ya lami. Jiju nyuma yake.

"Jiju! Rudi! Jiju!"

Wapi. Khalfan akapiga mluzi mpaka midomo ikamuuma. Kutoka bondeni likaja lori la mbao, linakuja kwa kasi, na dereva asingeweza kumwona mbwa nyuma ya vichaka vile. Khalfan alianza kukimbia akijua hafiki. Hakuwaza mtihani wala Februari. Aliwaza tu kwamba ni yeye aliyemtuma.

Ndipo sauti ikapasua shamba zima.

"Baba! Basi!"

Vumilia ndiye aliyeita, kwa sauti ileile ya kumwita mtoto mdogo aliyemponyoka mkononi. Na Jiju, aliyekuwa hewani, alishuka kwa miguu yote minne kwa pamoja, akateleza kwenye changarawe, akakaa. Akakaa kitako kabisa, hatua mbili kutoka lami. Sungura akavuka. Lori likapita likipiga honi. Jiju hakusogea hata mkia, alikuwa amegeuza shingo anamtazama Vumilia, anasubiri aambiwe.

"Haya, njoo," Vumilia alisema. Jiju akaja mbio, akampita Khalfan kama mti, akaenda kukaa mbele ya viatu vya mama.

Kimutai akashika kiuno. "Ala! Kwani mwenye mbwa ni nani hapa?"

Khalfan alifika anahema. "Vumilia, 'baba'?"

"Usinitazame hivyo." Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kila asubuhi tunavuka University Boulevard, pale wanapochimba njia ya reli. Ungeyaona yale magari! Ningefanyaje, nimwache agongwe? Nikamfundisha. Nikisema basi, anakaa mpaka niseme njoo."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Na saa tano tunakaa wote dirishani namsomea ujumbe wa binti yako, maana wewe hupo. Anasikiliza kuliko wewe."

"Ulisema humpendi."

"Nilisema mengi."

Khalfan alitaka kucheka, lakini hofu ikamrudia. Mtihani ulikuwa wake, na mbele ya mashahidi mbwa hakumtii. Akajikaza. "Basi tuambie, mwalimu. Kafaulu au kafeli?"

Vumilia alivaa miwani yake vizuri. Alimtazama mumewe, akamtazama Jiju, akapiga hesabu ya mambo ya dini na ya moyo.

"Wako kafeli," alisema. "Umemwita mara tatu hakuja. Huna mbwa, Khalfan."

Akainama akaokota kamba, akaifunga kwenye ukanda wa shingo ya Jiju kwa mikono yake mwenyewe.

"Wangu kafaulu. Tufungulie mlango wa gari, tunasikia baridi."