Chambo cha Baba Somoe

Asubuhi ya Ijumaa, siku ambayo shamba la pamoja halilimwi, Adija alikaa nyuma ya nyumba yake mpya akipanga chambo kwenye vifuu vya nazi. Katika kifuu kimoja alitia nyungunyungu aliowachimbua kwenye migomba ya jirani. Katika kingine alitia kumbikumbi waliokwisha kupukutika mabawa. Kingine kilikuwa na matumbo ya kuku yaliyolala, akakifunika kwa jani kwa sababu ya harufu. Kilibaki kifuu kitupu, na hicho ndicho alichokitazama kwa muda mrefu.

Nyungunyungu ni chambo cha perege. Kumbikumbi pia ni cha perege, lakini wakati wa mvua za kwanza, wanapokuwa wamewachoka nyungunyungu. Matumbo yaliyochacha ni ya kambare, anayetafuta chakula kwa harufu. Yote hayo Adija alifundishwa na mumewe, Dadi, ingawa kwao Wamwera mwanamke alivua kwa tenga, na ndoana ilikuwa ya wanaume. Dadi hakuchimba nyungunyungu hata mmoja kabla ya kujiuliza kwa sauti, "Leo namtaka nani?" Akishajua, ndipo alipochukua jembe.

Adija alimtaka Dadi mwenyewe, na hakujua amtilie nini.

Dadi alikuwa akiishi ndani ya bwawa la Namtema, chini ya milima ya Rondo, tangu watu wa Namtema walipohamishiwa kijiji kipya cha barabarani mwaka wa sabini na nne. Siku ile lori lilikuja mapema pamoja na mgambo. Mapaa ya nyumba yalichomwa ili mtu asipate sababu ya kurudi. Adija na Dadi walikwisha kupanda, wamekaa juu ya magunia, pale jirani yao Mwanaima alipofika na mimba yake kubwa na kukosa mahali pa kukanyaga. Dadi alishuka kumpisha. Alimkabidhi mkewe kuku, yeye akabaki chini na mkeka, chungu kikubwa na jembe. Msimamizi aliwaambia waliobaki wasubiri palepale, lori lingerudi kwa safari ya pili.

Lori halikurudi. Wengine walichoka, wakajiondokea kwa miguu, huyu kwa ndugu zake Rondo, yule kwa shemeji yake Lindi. Dadi alikuwa ameambiwa asubiri palepale, akasubiri palepale. Jua lilipozidi ukali, na nyumba haina paa, aliingia bwawani kutafuta ubaridi, akaona panafaa. Wachoma mkaa waliopita huko walimkuta amekaa chini kabisa, juu ya tope, katikati ya kambare, kofia yake kichwani. Walimsalimu, naye akaitikia. Habari hiyo waliileta kijijini pamoja na magunia yao ya mkaa.

Wanawake walimwuliza Adija kama angekaa eda. Hakujua, akaenda kwa Mwalimu Huseni wa madrasa.

"Wametoa salamu, akaitikia?" aliuliza Mwalimu.

"Wanasema aliitikia. Yalitoka mapovu."

"Basi hakuna eda, mama. Mume unaye. Amechelewa tu."

Adija alishukuru. Alirudi nyumbani akatandika kitanda upande wa mumewe, na kuanzia hapo akawa anakitandika kila asubuhi, ingawa upande huo haukuwa ukivurugika.

Nyumba aliyopewa ilikuwa kwenye mstari ulionyooka, sawa na nyumba nyingine zote za kijiji, kiasi kwamba siku za mwanzo alipiga hodi kwenye nyumba za watu akidhani ni kwake. Binti yao, Somoe, alikuwa ameolewa Mtwara. Usiku hapakuwa na wa kumwuliza kama amefunga mlango. Asubuhi, hata hivyo, alikuta kaa la moto jikoni, limefunikwa majivu lisizimike. Lililetwa na Mwanaima kabla hajaamka. Mwanaima hakuwahi kulitaja, naye Adija hakuwahi kumwuliza. Mtoto wa Mwanaima alikuwa ameshaanza kusimama dede.

Kila Ijumaa Adija alipanda njia ya Namtema na mshipi wa mumewe. Mwenyekiti wa kijiji alimruhusu, mradi arudi kabla ya jioni, balozi wa nyumba kumi anapopita kuhesabu watu. Kwanza alitia muhogo wa kuchoma, maana Dadi aliupenda ukiungua kidogo. Ijumaa nyingine alitia kisamvu cha nazi, amekifunga kwa uzi ili kisiyeyuke. Alijaribu korosho, alijaribu mkate wa mtama. Akajaribu hata ugoro, ambao katika ndoa yao yote alikuwa akimgombeza kwa ajili yake.

Kila mara mshipi ulivutwa, na kila mara alitoka perege. Walikuwa perege wanene, wa kujaza sinia. Ndoana ilikuwa imepita mdomoni vizuri, hakuna aliyeimeza wala aliyechanika. Adija aliwatoa bila furaha, akawatunga kwenye ukambaa, akaenda nao.

"Mama Somoe, wewe una kisirani," alisema Mwanaima akipokea fungu lake. "Mvuvi akipata samaki anacheka. Wewe unapata perege kama huyu, umenuna kama umepata kandambili."

"Perege sikumwita."

"Basi kisamvu chako hakimvutii. Nazi unaibania, kila mtu anajua."

"Hiyo nazi ninayoibania ndiyo uliyorambia kidole juzi."

Walicheka, wakaparua magamba pamoja. Mwanaima alipoondoka na mwanawe mgongoni, Adija alikula peke yake, akainamia sahani kubwa ya watu wawili, kwa kuwa ndogo alikuwa hajanunua.

Ilimchukua muda kuona kosa lake. Alikuwa anatia vitu ambavyo Dadi alipenda kula, na Dadi hakukaa kule kwa ajili ya kula. Aliligundua hilo siku lori la bidhaa lilipoleta unga kwenye duka la kijiji. Adija alikuwa amesimama nyuma ya lori, na ile harufu ya dizeli ikamrudisha palepale juu ya magunia, kuku mikononi, anamtazama mumewe anavyokuwa mdogo.

Alimwendea dereva, kijana wa Kimakonde aliyeitwa Tomaso.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naomba dizeli, kidogo tu."

"Bibi, dizeli hailiwi."

"Si mimi nitakayeila."

Tomaso alimtazama, akaona mtu mzima asiyetania. Alichukua kitambaa, akakilowesha vizuri, akakikunja ndani ya jani la mgomba na kulifunga kwa kamba, kanga ya bibi isichafuke. Kisha akamshauri asikae nacho karibu na moto.

Ijumaa iliyofuata Adija alikanda donge la ugali wa mtama, akalipaka ile dizeli, akalichomeka kwenye ndoana. Donge lilizama. Juu ya maji ulitanda utando wa rangi nyingi. Mshipi haukuvutwa. Ulilegea, kwa sababu aliyeukamata alikuwa anakuja.

Dadi alitokea karibu na matete, maji yakimfika kifuani. Ngozi yake ilikuwa laini na nyeusi ya kuteleza, na pembeni mwa midomo alikuwa ameota sharubu ndefu kama za kambare. Mkeka ulikuwa begani, chungu kichwani juu ya kofia, jembe mkononi. Mkeka ulikuwa mkavu.

"Limekuja?" aliuliza.

"Assalaam alaykum, baba Somoe."

"Waalaykum salaam, mama Somoe. Nisamehe, nina haraka, wasije wakaniacha tena. Limeegeshwa wapi?"

Njia nzima Adija alikuwa amejiandaa kumwambia kwamba limekuja. Alitazama ule mkeka, jinsi ulivyokunjwa na kufungwa tayari kwa safari, akashindwa.

"Halijaja. Nilitia dizeli kwenye chambo."

Dadi alilinusa donge. "Ulichagua vizuri," alisema, kwa namna ya mtu anayejua kazi, na akatua chungu majini mbele yake, kikaelea.

"Muhogo niliokuletea hukuula?"

"Niliula wote. Mtamu. Kisamvu nacho nilikula, lakini nazi ilikuwa haba."

"Mbona ulikaa kimya?"

"Sikukaa kimya. Kila ulipotupa ndoana nilikutundikia samaki. Nilikuona umekonda. Nikasema huyu huko alikopelekwa hali vizuri, na chakula chenyewe anakileta huku. Nikawa nakuchagulia wakubwa."

Adija alifunika uso kwa upindo wa kanga. Alipoufunua alimwambia twende, tutembee polepole, nakushika mkono. Dadi alijaribu. Alipanda ukingoni akapiga hatua chache kwenye majani, na ngozi yake ikaanza kukauka na kupasuka kama udongo wa bwawa wakati wa kiangazi. Adija alimrudisha haraka, akammwagia maji kwa viganja. Wote wawili waliona kwamba njia ya mwendo wa saa nzima juani asingeiweza. Angeiweza ndani ya lori, kwenye pipa la maji, akifunikwa turubai.

"Niliambiwa lori," alisema Dadi. "Waambie niko palepale."

Adija alikwenda kwa mwenyekiti siku iliyofuata. Mwenyekiti aliitwa Bwana Nikodemu, mtu wa watu, aliyekuwa na desturi ya kuhamisha kigoda kivulini mgeni akifika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Huko bwawani anaishi peke yake?" aliuliza.

"Na kambare."

"Familia nyingine hakuna? Maana zingekuwa kaya za kutosha, wanaishi pamoja, wanafanya kazi pamoja, tungeweza kuomba watambuliwe kama kijiji. Wangepata hata duka."

"Hakuna, mwanangu. Naomba lori tu, la ile safari ya pili."

Bwana Nikodemu alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Bibi, hapo ndipo penye uzito. Safari ya pili ilikwisha kufanyika. Ilitangazwa kwenye mkutano mkubwa kwamba watu wa Namtema wamefika wote, hakuna aliyebaki. Mimi nilikuwapo. Watu walipiga makofi. Sasa nikaombe lori la kumleta mtu ambaye ameshafika?"

"Hajafika."

"Najua hajafika. Hata mimi nimekaa kimya muda mrefu nikijiuliza mbona simwoni." Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli. "Alipangiwa kipande chake cha shamba la pamoja, pembeni ya chako. Hakijalimwa. Wenzako wameanza kunung'unika kwamba baba Somoe ni mvivu, mimi ndiye ninayewanyamazisha. Mwambie ajitahidi."

Alimpa Adija kikombe cha chai na kumsindikiza mpaka njiani.

Adija alianza kulima vipande viwili. Alilima cha kwake asubuhi, jua likipanda akahamia cha mumewe, ili asisemwe vibaya na watu. Mwanaima alipomaliza kipande chake alikuja akashika upande wa pili, mtoto akiwa amekalishwa kivulini, wakalima wakielekeana mpaka majembe yakakutana. Mwisho wa msimu, kwenye mkutano, baba Somoe alitajwa miongoni mwa waliorekebika. Watu walipiga makofi.

Dadi alipoelezwa haya alifikiri kidogo huku maji yakimchezea sharubu.

"Kwa hiyo mimi nimeshafika," alisema.

"Ndivyo wanavyosema."

"Napaonaje huko?"

Adija alimweleza ile mistari ya nyumba, bomba ambalo hutoa maji siku likipenda, shule inayojengwa, kitanda chao na upande wa Dadi ulio ukutani. Dadi alisikiliza kama mtu anayekumbushwa jambo alilolisahau. Kisha akachukua mkeka wake na chungu, akateremka.

Baada ya masika Tomaso alipangiwa njia ya Nachingwea. Dereva aliyemfuata alikuwa na haraka, na dizeli yake ilikuwa ya kupimwa. Kitambaa kilikauka, harufu ikaisha, na Dadi hakupanda juu tena. Adija hakumlaumu. Mtu aliyeambiwa asubiri gari hawezi kuinuka kila akisikia muhogo.

Ijumaa moja alifika bwawani bila kifuu hata kimoja. Alikaa ukingoni, akavua kandambili, akatupa ndoana tupu, isiyo na chambo chochote. Haikupita muda mshipi ukatikisika, akavuta, akatoka perege mnene ametundikwa mdomoni kwa uangalifu. Adija alimchomoa na kumrudisha majini.

"Nimeshiba, baba Somoe," alisema. "Leo usinitundikie kitu. Shika tu."

Alitupa tena. Mshipi ulizama, ukalegea, halafu ukakazika taratibu na kubaki umekazika, wala haukuvutwa. Adija aliuzungusha kidoleni, akaushikilia. Alikaa hivyo adhuhuri yote, na alasiri yote, mpaka saa ya balozi kupita kuhesabu watu ilipokaribia, ikabidi mmoja wao aachie kwanza.