Hasira ya Kupigwa Pasi

Mara ya mwisho Selpher alipolifumua bega la kushoto la gomesi yake, vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, kitambaa kilimgomea. Ilikuwa satini ya zambarau aliyoichagua mwenyewe katika duka moja la Mhindi mjini Jinja, na satini haina msamaha: sindano ikipita, tundu linabaki. Aliiinua kwenye mwanga wa mlango wa kibanda chake cha ushonaji pale Bugembe, akaona vitundu vimejipanga kutoka shingoni hadi kwenye ncha ya bega. Akalitukana bega, akaitukana cherehani, kisha akajitukana mwenyewe kwa Kibukusu cha kwao Bungoma, lugha aliyokuwa akiiweka akiba kwa mambo mazito.

Na bega lenyewe halikuwa na kosa. Nabirye, fundi wa kibanda cha pili, alilipima kwa futi, akalipima tena, akasema mabega yote mawili yako sawa na wewe mwanamke utajiua bure. Nabirye angejuaje? Yeye akikosea anacheka, anamwambia mteja kitambaa kilikuwa kifupi, na mteja naye anacheka. Selpher akikosea pindo, watu hawalitazami pindo. Wanamtazama yeye machoni.

Yalianza mwaka ule alipolazwa Jinja kwa ugonjwa ambao daktari aliuita baipola. Kuna majira moyo unapaa, usingizi unakimbia na kila jambo linawezekana. Kuna majira mengine hata kunyanyua kikombe ni kibarua. Katika kupaa kule alikuwa amewashonea wanakwaya sare nzima kwa kasi ya ajabu, mikono yote mifupi, nao wakaimba Krismasi viwiko nje kama watu wanaofua nguo. Alitibiwa, akatulia, dawa akawa anazimeza kila asubuhi baada ya chai, na kazi akairudia. Wanakwaya walisamehe. Ila tangu siku hiyo kila mshono wake ukawa unasomwa kama cheti cha hospitali.

Watu hudhani anafumua na kushona upya kwa sababu ugonjwa umempanda. Upuuzi mtupu. Moyo ukipaa, Selpher hafumui hata uzi. Kila alichogusa anaona kinamfaa malkia. Kufumua ni kwa siku zake nzuri, akili imetulia kabisa, ila kifua kinamdunda kwa hofu kwamba kosa dogo tu litawapa watu la kusema.

Na safari hii la kusema lingekuwa kubwa, maana gomesi alizokuwa akishona zilikuwa za kwanjula ya Sheryl, binti yake wa pekee. Siku hiyo mchumba huja na ndugu zake kujitambulisha, na mama wa binti hukaa kwenye mkeka mbele ya wote, watu wamjue. Selpher alikuwa amemshonea binti, akamshonea shangazi, akawashonea wanawake wote wa upande wa mume wake. Yake aliiacha mwisho, ikaishia na vitundu, na dukani satini ile ilikuwa imekwisha. Akaikunja hivyo hivyo.

Siku ya shughuli aliingia Nkoma, mtaa wa Mbale anakoishi mumewe Gaster, askari magereza, mzigo wa nguo ukiwa mapajani juu ya boda boda. Wanawake walizijaribu, wakajigeuza mbele ya kioo, wakamsifu mpaka akaanza kuamini. Ndipo Janepher, dada yake Gaster, alipomshika mkono, akamwingiza chumbani na kurudisha mlango. Siku ya kwanjula shangazi wa binti ndiye mwenye neno, na Janepher alikuwa mtu wa kupenda kuwa na neno.

"Wifi, wewe pumzika huku ndani," alisema. "Annah nakaa kwa mkeka. Wakwe hapana jua wewe. Baadaye wanasikia mambo ya hospitali, wanaogopa damu ya mtoto. Hata Sheryl alikubali."

Annah alikuwa mke wa binamu yake Gaster, mwanamke mpole asiyejua kukataa. Gaster mwenyewe alisimama mlangoni ndani ya kanzu yake nyeupe, akaiangalia sakafu, akasema yeye hataki kelele, wageni wako njiani.

Hasira ikampanda Selpher kutoka miguuni. Naye akafanya alichozoea kufanya: akaipiga pasi. Maana akipandisha sauti, watasema mnaona? Akilia, mnaona? Watu wengine hukasirika ovyo, wakavunja sahani na kesho yake wakachekwa. Yeye hata hasira yake ilitakiwa itoke imenyooka, bila mkunjo. Kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, akawaeleza kwamba yeye ndiye aliyemzaa mtoto na kumlea, na nguo walizovaa zimetoka mikononi mwake. Akatabasamu hata. Alijitahidi mno.

"Unaona?" Janepher alimgeukia kaka yake. "Mikono yake natetemeka."

Basi. Kumbe hata ukiinyoosha vipi, watatafuta mkunjo, na wasipouona watautia wenyewe. Miaka yote ile ya kufumua mishono isiyo na kosa ilimjia kooni kwa pamoja, ikatoka.

"Inatetemeka kwa sababu mmenitukana," alisema Selpher, na sauti ikapanda, akaiacha ipande. "Wewe ukitukanwa hutetemeki? Mimi ni mgonjwa, sawa. Nina dawa, nina daktari, na nina mtoto anayeolewa leo. Gaster, ukitaka nikae chumbani, niletee pingu zako za kazini."

Alipiga kelele haswa, mlio wa kufika barabarani. Ulifika. Wageni walikuwa wakishuka kwenye magari yao, na vichwa vyote uwanjani vikageukia nyumba.

Selpher akavaa gomesi yake, akakaza mshipi, akatoka, akakaa kwenye mkeka. Annah, aliyekuwa amekwisha kukaa hapo, akasogea kumpisha kwa haraka ya mtu aliyetuliwa mzigo, lakini hakuondoka, maana Janepher alikuwa amemkazia macho. Wakawa mama wawili kwenye nafasi moja. Wageni waliwatazama, wakatazamana.

Salamu zikaenda, zawadi zikafunguliwa. Msemaji wa wageni, aliyekuwa amesikia kelele kama wenzake wote, akainua gomesi waliyomletea mama mzazi, akamkabidhi Sheryl amfikishie kwa mkono wake mwenyewe.

Sheryl akaja taratibu, kichwa kimenyooka kama alivyofundishwa. Akafika mbele ya mkeka. Akamwangalia Annah, akamwangalia shangazi yake, na Selpher akakiona kifua cha bintiye kikidunda chini ya satini, akaijua hofu ile kwa jina. Hakumhurumia. Alikuwa na hasira naye kuliko na wote.

Binti akapiga magoti mbele ya mama yake, akamwekea zawadi mapajani, akainama karibu na sikio.

"Mama," alinong'ona, "dawa umemeza leo?"

"Nimemeza," alijibu Selpher, kwa sauti ambayo hata wageni wa nyuma waliisikia. "Hii ni hasira. Na wewe hujanisalimia."

Sheryl akabaki amepiga magoti. Kisha akamsalimia.