Habari Njema ya Kila Asubuhi

Fundi baiskeli yule, ambaye mtaa mzima ulimwita Spoki kwa wembamba wake, hakuwa mtu wa kanisa. Hakuwa mlevi wala mgomvi, na baiskeli iliyopita mikononi mwake ilikuwa imepona kweli. Mkewe, mkunga mstaafu wa zahanati, alikuwa ameokoka tangu ujana. Kila Jumapili Spoki alimfikisha mlangoni mwa kanisa, akageuza baiskeli na kurudi kwenye karakana yake. Watu walipomuuliza mbona haingii, alijibu, "Imani ya mke wangu inatosha watu wawili, na nyingine inabaki ya wageni."

Mkewe hakuwahi kuucheka utani huo. Alimwombea tu, mwaka hadi mwaka, wala hakumsumbua.

Ugonjwa wake ulianza kidogo kidogo, kama tairi linalopungua upepo na tundu halionekani. Mara sufuria imeungua jikoni, mara ametoka kwenda dukani akarudishwa na majirani. Mwisho akamwita binti yao, mtoto wao pekee, kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Daktari aliwaeleza kwamba ubongo wake unanyauka na hakuna dawa ya kuurudisha. Mambo ya jana yatatangulia kupotea, alisema, na ya zamani yatakaakaa.

Hayo ya zamani ndiyo yaliyomtesa. Kabla hajaokoka, akiwa mkunga kijana, alijifungia kwenye chumba cha mapumziko akalala huku mama mmoja akihangaika peke yake wodini. Mtoto akazaliwa amekufa. Hakuna aliyemshtaki, lakini jambo lile lilimkaa kifuani kama jiwe, mpaka Jumapili moja kwenye mkutano wa injili uwanjani, alipopiga magoti vumbini na sare yake nyeupe, akatubu. Kesho yake alimtafuta yule mama, akamwambia ukweli, wakalia pamoja. Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Kisa hicho alikisimulia mara nyingi sana, hata Spoki alikijua kama anavyoijua njia ya kwake.

Sasa ugonjwa uliifuta ile Jumapili, ukaacha lile kosa.

Kila kulipokucha aliamka akipapasa shuka, akiuliza mtoto yuko wapi. Halafu uso wake ulibadilika. Alisema ameua mtoto wa watu, na kwamba Mungu hatamwacha bila kumwadhibu. Spoki alijaribu kumwambia hayo yamepita, anywe chai. Alijaribu pia kumwimbia, ingawa sauti yake ilikuwa kama breki kavu. Haikusaidia. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumsimulia kisa chake mwenyewe: uwanja, vumbi, sare, magoti. Alimwambia kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi ile pia, na kwamba alisamehewa siku ile ile. Mkewe alimsikiliza kama mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza.

"Unasema kweli?" aliuliza.

"Kweli."

Uso wake ukalegea, akaomba chai.

Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi, kwa maana kulala kulifuta yote. Na Spoki, ambaye hakuwahi kumwambia mteja kwamba mnyororo ni mpya kama si mpya, alianza kusumbuka. Alikwenda kwa mchungaji, mtu mnene mpole aliyekuwa akipenda kukaa karakana kupiga soga, akamwomba aje amsimulie mkewe yeye mwenyewe. "Kinywani mwangu ni uongo," alisema. "Nasema kitu nisichokiamini."

Mchungaji alikuja. Mke wa Spoki hakumtambua. Alijificha nyuma ya mumewe, akamshika shati, akauliza huyu mtu mkubwa anataka nini. Ikabidi mchungaji aondoke. Nje, akiwa anavaa viatu, alimwambia Spoki kwamba basi kazi ni yake, hakuna mwingine anayeaminiwa mle ndani.

Spoki akamuuliza lililokuwa likimkereketa: mtu akisahau kwamba aliokoka, wokovu wake unakwenda wapi?

"Mtoto mchanga hajui jina la mama yake," mchungaji alisema, "lakini mama anamjua. Anayeshika pale ni mama."

Spoki aliona ni maneno mazuri ya mtu anayerudi kulala kwake.

Miezi ikaenda. Karakana ilifunguliwa siku chache, kisha ikafungwa kabisa. Spoki alijifunza kumwogesha mkewe, kumsuka nywele mistari miwili iliyopinda, kuficha funguo, kufua mashuka. Binti yao alikuja alipopata likizo kazini, akakuta baba amebaki mifupa. Alitaka kumtafutia msaidizi. Baba akakataa, akisema mama yake anaogopa wageni.

Uchovu ni kitu kibaya. Asubuhi moja mkewe aliitupa chai ya moto, akamng'ata mkono alipomvalisha, akamwita mwizi. Spoki akampiga kofi. Si kofi la kutisha, lakini lilikuwa kofi, na shavu likabaki na alama ya vidole. Alitoka nje akasimama ukutani. Hakuwahi kumpiga mtu tangu azaliwe. Ndivyo alivyokuwa akijihesabu maisha yake yote: mimi si mlevi, mimi si mwizi, mimi sijampiga mtu.

Aliporudi ndani, mkewe alikuwa ameketi kitandani, mtulivu, akijigusa uso.

"Hapa panauma," alimwambia. "Sijui nimejigonga wapi."

Spoki alipiga magoti mbele yake. "Nimekupiga mimi. Nisamehe."

Akamwangalia kwa mshangao, kisha akacheka, kile kicheko chake cha zamani ambacho hakikuwa kimesikika siku nyingi. "Wewe? Mume wangu hawezi kunipiga. Nani kakudanganya hivyo?"

Alirudia kuomba msamaha. Kila alivyorudia, mkewe alimpangusa machozi na kumwambia aache kujisingizia. Hapo Spoki akaelewa kwamba pale alipokosa hapakuwa na mtu wa kumsamehe tena. Mtu aliyemkosea hakuwa na kumbukumbu ya kosa, na kosa lilikuwepo, limechorwa shavuni. Hakulala vizuri, hakula vizuri. Asubuhi iliyofuata, alipokuwa akimsimulia mkewe habari ya uwanja na vumbi, alifika pale pa kusema "dhambi ile pia", akaishia hapo. Alisikia kwamba yale maneno hayakuwa ya mkewe peke yake. Akainamisha kichwa mapajani mwa mkewe na kuomba, hajui vizuri anavyoomba, akimwambia Yesu kwamba kama ni kweli, basi na yeye. Mkewe akawa anampapasa kichwa, akimbembeleza kama anavyobembelezwa mtoto.

Siku hiyo mzigo wake ulishuka, na mkewe hakupona. Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na Spoki alipata tabu kuyaweka mahali pamoja. Alikuwa amesikia ushuhuda wa watu waliookoka, wakaponyeshwa ndoa, watoto na magonjwa. Yeye aliokoka akarudi kufua mashuka. Ila hakumpiga tena. Hasira ilipompanda alitoka kwenda uani akaomba mpaka ishuke, hata kama mkewe alikuwa akimtukana dirishani. Na asubuhi, alipomsimulia, aliongeza lake mwishoni: kwamba na yeye amesamehewa. Mkewe alifurahi kila mara kama ndiyo mara ya kwanza, akimpongeza kwa kumshika mikono yote miwili. Kwa muda, Spoki aliamka mapema akiisubiri furaha hiyo.

Kisha ikaisha. Mkewe akawa hamjui tena. Alimwita "mzee", kwa heshima, kama mgeni aliyekuja kutengenezewa kitu.

Spoki alibatizwa katika hali hiyo. Binti alikuja, akamkalisha mama yake benchi la mbele, amevaa gauni la bluu. Mzee yule mwembamba alipotolewa majini, akitweta, shati limemgandia mbavuni, mkewe alipiga makofi kuliko wote. Akamgeukia binti yake na kuuliza kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Huyu mzee ni wa nani? Mkewe atafurahi sana."

Binti akainamisha uso. Mchungaji mwenyewe alilazimika kugeuka ukutani kidogo.

Homa ya mapafu ndiyo iliyomchukua mke wa Spoki. Hospitalini hakusema tena. Macho yake yalizunguka darini kama anayetafuta pa kutokea, na mikono yake ilishikilia chuma cha kitanda hadi vifundo vikawa vyeupe. Spoki alimsimulia kisa chake asubuhi, na mchana, na kila alipoona yale macho. Hakujua kama anasikika. Mkewe alikata roho Spoki akiwa amekwenda kujaza maji ya moto kwenye chupa ya chai. Aliporudi, muuguzi alikuwa amekwisha kumfunika.

Baada ya maziko, wageni walipotawanyika, baba na binti walibaki wawili sebuleni, vikombe vya watu vikiwa bado sakafuni. Binti akasema kitu kilichokuwa kikimtafuna tangu hospitali. Aliuliza kama mama yake alikufa akiogopa.

Spoki alifikiri kabla ya kujibu. "Nadhani aliogopa, mwanangu. Sitakudanganya. Lakini kilichomwokoa si ujasiri wake."

Binti akaanza kulia. Baba akasogeza kiti karibu, akasema waombe. Alikuwa hajawahi kuomba mbele ya mtu yeyote isipokuwa mkewe. Alianza vizuri, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyu, kwa ajili ya watoto wote aliowapokea kwa mikono yake. Kisha akafika kwenye jina la mkewe, akakwama hapo, midomo ikicheza bila sauti. Binti alisubiri. Alipoona hakuna neno linalokuja, akasema amina kwa niaba ya wote wawili, akainuka kuokota vikombe.