Fungu la Kishikwambi

Kwaya ya Mtakatifu Anna, pale kigangoni kwao Uru, ilikuwa imebakiwa na watu wanne, na mmoja wao sikio la kulia lilishakataa kazi. Wengine walizikwa, wengine walifuata watoto wao Dar es Salaam, na wale wenye magoti mazuri walihamia kwaya ya vijana, yenye spika kubwa na sare za kung'aa. Waliobaki ni Mama Kornelia, mjane wa marehemu Tito. Yuditha, jirani yake wa mpakani. Theopista, aliyeimba sauti ya kwanza tangu enzi za meno yake yote. Na Mzee Eliakim wa sauti ya nne, ambaye ilibidi asimame kulia kabisa ili sikio zima liwaelekee wenzake.

Mwaka huo halmashauri ya kigango ikapitisha neno: kwaya yenye waimbaji chini ya ishirini haitaongoza Misa ya sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango, na isiyoongoza Misa ya somo ihesabiwe imekufa.

Kornelia alilipokea neno hilo akiwa amekaa kwenye benchi, rozari mkononi. Usiku usingizi ulimpaa. Kwaya hiyo ndiyo iliyomsindikiza Tito wake kaburini kwa nyimbo za zamani, zile ndefu, zinazompa mtu nafasi ya kulia mpaka akamaliza. Vijana hawakuzijua. Wao kwenye msiba huimba haraka haraka kama wanaowahi gari. Sasa kwaya ikifa, yeye ataimbiwa na nani? Alijiona tayari kwenye jeneza, anateremshwa kwa mdundo wa kurukaruka, na hakuipenda picha hiyo hata kidogo.

Binti yake Gladness, mwalimu mjini Moshi, ndiye aliyeleta kishikwambi chake cha zamani, chenye programu ya kutengenezea muziki. Akamkalisha mama yake mezani akamwonyesha. Ndani mlikuwa na picha ndogo ndogo, nyingi kama punje za ulezi: ngoma, kinanda, gitaa, mbwa, mikono inayopiga makofi, wingu linalodondosha maji, na nyuso zilizofumbua midomo.

"Hizi zote ni sauti za tayari, mama," Gladness alimwambia. "Hutungi, hurekodi. Unagusa picha, inaimba."

Kornelia alifanya ishara ya msalaba, akagusa zile nyuso. Wakatokea watu, wengi, wanaume kwa wanawake, wakaimba "Aaaa" moja iliyonyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Alipoondoa kidole, wakanyamaza wote kwa pamoja. Katika miaka yake yote ya uimbaji hakuwahi kuona kwaya inayonyamaza pamoja.

Kwenye mazoezi, wenzake walikizunguka kile kioo cha kishikwambi kama wanaotazama mtoto mchanga. Yuditha alitaka kujua watu hao wanalala wapi. Theopista akauliza ni wa dhehebu gani. Kornelia, kwa uaminifu, akaeleza alivyoambiwa na binti yake, kwamba ni sauti zilizochukuliwa zamani, mbali huko, zikatiwa humo, na zinatumiwa na yeyote. Kilichomsumbua yeye ni kitu kimoja tu: hawakuwa wakivuta pumzi. Aliweka kidole pale muda wa Salamu Maria nzima, nao wakaendelea na "Aaaa" yao, hakuna aliyemeza mate.

Mzee Eliakim alisikiliza kwa sikio lake zima, akatoa hukumu. Watu hao hawana mafua. Kwa hiyo si wa huku juu kwenye ukungu. Ni watu wa joto, wa tambarare. Ni wa Chekereni.

Ikawa hivyo. Tangu siku hiyo waliitwa watu wa Chekereni. Kornelia, ambaye hawezi kuanza jambo bila salamu, alikuwa akisema "Tumsifu Yesu Kristo," kisha anagusa picha, nao wanajibu "Aaaa," naye anaona inatosha.

Sasa, chini kidogo ya kanisa kilikuwapo kihamba, shamba la migomba na nyumba yake, cha Mzee Melkior, mwenyekiti wa kigango. Huyu ndiye pia aliyesimamia mfereji wa maji wa kijiji, kazi aliyorithi kwa baba yake. Siku ya kusafisha mfereji Melkior hatembei kukagua. Anakaa kwenye kigoda chini ya migomba, anafumba macho, anahesabu majembe kwa sikio. Jioni, mbuzi akichinjwa, kila jembe lililosikika linapata fungu lake la nyama juu ya jani la mgomba, na mwenye jembe lisilosikika anakwenda kwake kula ndizi kavu. Hajawahi kukosea. Kwa hiyo aliposikia mazoezi ya Mtakatifu Anna yanashuka kupitia migomba, alifanya alivyozoea. Alifumba macho akahesabu.

Jumapili baada ya Misa akatangaza mbele ya watu kwamba Mtakatifu Anna imefufuka. Ina waimbaji thelathini. Itaongoza Misa ya somo, na kila mwimbaji atawekewa fungu lake la nyama.

Kornelia alijua kwamba wako wanne. Hakuwa amedanganya, hakuna aliyemuuliza. Lakini alilijua swali ambalo mtu anajitahidi lisiulizwe. Kesho yake akajifunga khanga, akateremka kwa Melkior kunyoosha mambo. Akamkuta ananoa kisu, uso umejaa furaha.

"Karibu, Mama Gladness. Thelathini. Na kuna mwanaume mmoja wa sauti ya nne, huyo namvulia kofia. Hapumziki. Huyo nimemwekea kidari."

Kornelia akafungua mdomo. Mke wa Melkior akaleta kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Mtu hawezi kumtoboa mwenzake moyo huku anakunywa mbege yake, na akishainywa hawezi tena kwa sababu ameshainywa. Akapanda kwake na neno lake tumboni, akajiambia atalisema siku yenyewe.

Siku yenyewe ikafika, mwisho wa Julai, kahawa imeanikwa kwenye vichanja kila nyumba na jua limetoka vizuri. Ng'ombe alichinjwa alfajiri na Nurdin, mchinjaji wa kutoka mjini, ili wa dini zote wale. Nyuma ya kanisa mafungu yalikuwa yamepangwa juu ya majani ya mgomba, yametulia kwa mistari kama watoto wa komunyo ya kwanza. Melkior akasimama mlangoni kuwapokea waimbaji.

Akapita Yuditha. Akapita Theopista. Akapita Mzee Eliakim. Akapita Kornelia, kishikwambi kifuani kama kitabu cha sala, na spika ndogo ikining'inia. Melkior akabaki anatazama barabarani.

"Wengine wako wapi, Mama Gladness?"

"Wamo humu, baba," Kornelia alisema, akakiinua kishikwambi. "Wote."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aligeuka taratibu akatazama kule nyuma ya kanisa, kwenye mafungu, na uso ukamshuka. Kwao fungu likishakatwa kwa ajili ya mtu halirudi chunguni wala haligeuzwi la mwingine hivi hivi. Kufanya hivyo ni kumtangaza mwenye fungu kuwa amekufa. Na yeye alikuwa amekata mafungu ya watu ishirini na sita wasiokuwa na matumbo.

Akaomba asikilizishwe yule mwanaume wa sauti ya nne. Kornelia akagusa. Melkior akaweka sikio kwenye kioo, akafumba macho.

"Ndiye huyu," alisema. "Anakula?"

"Hali."

"Hata maji?"

"Anachajiwa, baba."

Halmashauri ikakutana palepale kwenye nyasi. Padre alikuwa ndani anavaa, akaambiwa asubiri kidogo, kuna jambo la nyama. Katekista Filemon akasimama kwanza, akasema swali si nyama, swali ni kama watu hao wamebatizwa, maana asiyebatizwa hawezi kuongoza Misa.

"Na hiyo maikrofoni unayosomea matangazo," Yuditha alimuuliza, "ilibatizwa mwaka gani, na msimamizi wake nani?"

Filemon akakaa. Mwingine akashauri mafungu yazikwe kwa heshima. Ndipo mjumbe mmoja akakumbuka kwamba wazee wa kwaya wenyewe huwaita watu wa Chekereni. Basi shida iko wapi, wapelekewe nyama yao Chekereni. Mzee Eliakim akaulizwa kama ni kweli ni wa Chekereni, naye, kwa kuwa neno lilikuwa lake mwenyewe na alishalizoea, akasema ni kweli kabisa, na akaongeza kwamba anadhani ni upande wa mashamba ya mpunga. Mara kijana wa bodaboda akaitwa. Mara mfuko wa salfeti ukaletwa. Watu wazima wakaanza kujadili kama nyama itafika kabla ya kuharibika.

Kornelia aliyatazama hayo yote yakisimama kwa miguu na kuanza kutembea. Aliona pikipiki itashuka mpaka tambarare, dereva atauliza nyumba hadi nyumba, na nyama ya Mtakatifu Anna itaozea kwenye majaruba. Akafungua ule utepe wa bluu wa kwaya aliovaa begani, akaukunja, akauweka kwenye nyasi mbele ya Melkior.

"Chekereni hawapo," alisema. "Hawapo popote. Tuko wanne, na hao tulikuwa tunajificha nyuma yao. Kama kwaya imekufa, imekufa, baba. Mimi nilitaka tu mtu wa kuniimbia siku yangu ikifika."

Yule wa bodaboda alizima pikipiki. Melkior aliuokota utepe. Halafu akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, kwenye mfereji huwa wanafanyaje mtu akisikika halafu asionekane jioni. Mzee mmoja akamjibu kwamba anayeshika jembe lake, akamaliza kipande chake, ndiye anayekula fungu lake.

"Basi," Melkior akasema, "anayetaka fungu aingie ashike sauti."

Hawajawahi kuonekana watu wakipata wito haraka namna ile. Waliokuwa wamekaa kwenye ukuta wakisubiri harufu walijipanga kwa mstari. Wakaingia wapasuaji mbao, wauza ndizi, na mwanamke aliyekuwa hajakanyaga kanisani tangu Pasaka, akisema ni sauti ya tatu toka tumboni kwa mama yake. Nurdin akauliza kwa wasiwasi kama na fungu lake yeye lina wimbo ndani. Akaambiwa lake ni la kisu, limeshalipwa. Akashukuru Mungu.

Misa ikaanza. Kornelia alisimama katikati, utepe umerudi begani, akiwaongoza wageni kwa kishikwambi: anagusa nyuso, watu wa Chekereni wanatangulia, na hawa wanafuata nyuma kama wanaopapasa ukuta gizani. Ilikwenda hivyo mpaka wakati wa vipaji. Hapo kidole kikateleza, na badala ya nyuso kikaangukia wingu.

Mvua ikanyesha. Ilitoka kwenye spika, ikapanda kwenye mabati ya kanisa, ikarudi chini imekuwa ya masika. Hakuna aliyetazama dirishani. Kila mwenye kahawa kwenye kichanja aliinuka, na wote walikuwa na kahawa. Walitokea milango yote, akina mama wameshika viatu, Katekista Filemon mbele yao, na kapu la vipaji likabaki limekaa peke yake katikati ya kanisa. Ndani wakabaki padre na wazee wanne. Eliakim, aliyesikia upande mmoja tu, alisema inaonekana inanyesha zaidi kushoto.

Padre, ambaye si mtu wa huku, alimuuliza Kornelia kwa upole kama hii ni desturi ya somo.

Nje jua lilikuwa linawaka. Watu walisimama vihambani kwao, turubai mkononi, wanatazama mbingu ya buluu na kusikia mvua ikinyesha ndani ya kanisa. Melkior akapanda juu ya jiwe akapaza sauti kuelekea migombani kwamba fungu ni la anayerudi.

Wakarudi mbio, mlima huo ulivyosimama. Walipojipanga tena, vifua vilikuwa vinapanda na kushuka kama vya waliobeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Kornelia alikitazama kishikwambi, akawatazama hao. Akakizima. Akaanzisha wimbo wa zamani, ule mrefu, kwa mdomo wake mwenyewe.

Waliuimba vibaya. Kila mmoja alimaliza wakati wake, wengine walianza ubeti wa tatu wa pili haujaisha, na kati ya kila neno na neno walivuta pumzi kwa nguvu, thelathini nzima, upepo ukawa unaingia na kutoka kanisani. Kornelia alisikia pumzi hizo, na machozi yakamtoka bila aibu. Hawa watachoka, watakohoa, watakosea. Lakini wana miguu. Jeneza wataweza kulifuata.

Baada ya Misa mafungu yote yaliondoka, isipokuwa moja. Kidari. Hakuna aliyethubutu kukishika, maana kila mtu alijua ni cha nani, na hakuna aliyeweza kudai kwamba ameimba bila kupumzika. Melkior mwenyewe akakifunga kwenye jani la mgomba, akakiweka juu ya kishikwambi mikononi mwa Kornelia.

"Asije akasema tulimnyima," alimwambia.

Jioni Gladness alipiga simu kuuliza hali, na kama kishikwambi kina chaji. Mama yake akasema hajambo, na ameshakula. Kisha akaketi mezani, akaweka sahani ya kidari mbele ya kioo, akasema sala ya chakula, akagusa picha kidogo tu. "Aaaa," wakajibu. Akangoja, kama mtu anavyomngoja mgeni aanze. Alipoona haanzi, akavuta sahani akala kwa niaba yake, maana jembe la mtu asiyekuwapo lazima lishikwe.

Jumatano, siku ya mazoezi, walikuja wengi kuliko alivyotegemea. Wa kwanza kufika aliuliza kama leo kuna nyama. Kornelia akamjibu kwamba leo kuna ubeti wa tatu, akae.

Akakaa.