Mzee Asiye na Picha

Mzee alipotea wakati Begaim amempa mgongo, simu mkononi, akimpiga picha binti yake juu ya boya la bata. Picha ilitoka nzuri, nzuri ya kukera: Aidai kacheka mpaka pengo lote liko nje, na ziwa la Issyk-Kul nyuma yake limetulia kama limeagizwa. Begaim akageuka amwonyeshe baba mkwe wake, maana mzee yule hakuna alichokipenda duniani kuliko picha za familia. Mkeka upo. Tikiti maji lipo, kisu kimesimama ndani yake. Viatu vya mzee vipo, vimepangwa vizuri pembeni. Mwenyewe hayupo, na kamera yake haipo.

"Babu yako yuko wapi?"

"Si alikuwa hapo," alisema Aidai, hata hakugeuka. "Mama, nipige nyingine!"

Begaim akatazama huku na huku. Asubuhi ile, kabla hawajashusha hata chupa ya chai garini, wifi yake Anara alimwambia neno moja tu. "Begaim, leo kuogelea sahau. Macho yako yawe kwa baba. Unajua akili yake siku hizi, inakuja na kuondoka kama umeme." Naye akajibu, "Usijali, wifi." Usijali! Muda mfupi tu wa boya la bata, na mzee anayesahau hata mlango wa chumba chake yuko peke yake kwenye ufuko uliojaa watu kama siafu, peku, na maji yanamsubiri mbele.

Akamwacha Aidai kwa mama mmoja wa mkeka wa jirani, akatoka mbio. Vyooni hayupo. Kwa muuza samaki wa moshi hayupo. Kwenye foleni ya ngamia, ambako watoto hupandishwa kwa zamu wapigwe picha, hayupo. "Baba! Baba!" aliita, na wanaume kumi wakageuka, kila mmoja baba wa mtu.

Mwisho akafika kwenye kibanda cha kipaza sauti. Ndani mlikuwa na kijana aliyebabuka pua kwa jua, anatafuna mbegu za alizeti.

"Jina la mzee?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Dada, hapa baba wakwe wamejaa tele. Jina."

Begaim alifungua mdomo, ikatoka hewa. Mzee anaitwa Beishenaly. Mimi ninayesimulia naweza kulitaja, sikuolewa nyumba ile. Begaim hakuwahi kulitamka tangu aolewe, hata akiwa peke yake jikoni, hata akiwa na hasira. Huku mwanamke hamtaji baba wa mumewe kwa jina. Analiruka, kama unavyoruka miguu ya mtu aliyelala. Wiki ya kwanza ya ndoa alijisahau akaanza kulisema, mwanzo wake tu, na Anara akamfinya paja mbele ya wageni mpaka pakavilia damu. Ulimi ukajifunza. Na ulimi ukishajifunza hivyo, hauelewi habari ya dharura.

"Mzee wa Naryn," alisema. "Ana kofia nyeupe ya sufu. Tafadhali, fanya haraka."

Kijana akatangaza hivyohivyo. Wakaja wazee watatu, wote wa Naryn, wote kofia nyeupe, na mmoja akauliza kama kuna nyama inagawiwa. Muda ukapotea kuwaomba radhi, maana wazee hawafukuzwi kama kuku.

Anara akafika mbio, nywele zinachuruzika maji. "Nimesikia 'mzee wa Naryn'. Mzee gani wa Naryn? Nusu ya Naryn iko hapa leo! Kwa nini hukutaja jina?"

"Wifi, ningelitajaje?"

Nadhani Anara alikumbuka lile paja. Binti wa kuzaa anaruhusiwa; akamnyang'anya kijana kipaza sauti, akalitaja jina la baba yake tena na tena mpaka sauti ikapasuka. Walisikiliza. Watoto wanapiga kelele, muziki unalia, mzee hajitokezi.

"Mume wangu yuko wapi?" aliuliza Begaim.

"Taalai kaenda kuwaomba vijana wa boti." Anara hakumtazama. "Wanaangalia majini."

Kijana wa kibanda alikuwa ameacha kutafuna. "Nipeni picha yake," alisema kwa upole. "Nawatumia vijana wa boti na walinzi wote sasa hivi. Moja tu, uso uonekane."

Picha! Hiyo ndiyo familia ya kuombwa picha. Wakatoa simu zao wote wawili wakaanza kupekua, vidole vinateleza kwa jasho na maji. Picha za sikukuu ya Nooruz. Picha za malishoni, mahema, maziwa ya farasi, Aidai na punda. Picha za tohara ya mtoto wa Anara, mbuga za maua, maporomoko ya maji, familia nzima imejipanga meno nje. Mzee hamna. Kinyozi hajinyoi, na huyu ndiye aliyekuwa akiwapiga wote. Kila safari, tangu enzi za Muungano wa Kisovieti, yeye na kamera yake ya Kirusi. Siku hizi haikuwa na filamu ndani, Taalai alishaacha kuinunua, lakini wote walikuwa wakijipanga mbele yake na kutabasamu vilevile, nani amvunje moyo mzee? Na mtu akitoa simu ampige yeye, alikuwa akiikamata. "Lete hapa. Nenda ukasimame na wenzako."

"Hii hapa!" Anara alipiga kelele. Ilikuwa picha ya mwaka jana: mkono mkubwa umejaa kioo kizima, unakuja kuichukua simu. Nyuma ya mkono, sikio moja.

Anara akakaa chini mchangani. "Baba yangu ni sikio," alisema. "Mungu wangu, watu gani sisi? Baba yangu mzima ni sikio!" Akaanza kulia, yule mwanamke ambaye Begaim hakuwahi kumwona akilia hata msibani.

Begaim angelia pia, lakini kuna kitu kilikuwa kinamkereketa kichwani. Ni picha za ukutani, nyumbani Naryn, zile za nyeusi na nyeupe ambazo yeye ndiye aliyezifuta vumbi tangu aingie nyumba ile. Ndugu wa mzee wamesimama mchangani na mama yao katikati. Nyuma yao miti mirefu ya mipopla. Nyuma ya mipopla, milima yenye theluji. Alizijua mpaka vifungo vya makoti. Sasa, kama watu wako ufukweni na milima iko nyuma yao, aliyepiga alisimama wapi? Alisimama ziwani!

"Wifi, zile picha za ukutani zilipigwa wapi?"

"Nini? Kule nyumba ya mapumziko ya zamani, nyuma ya matete. Imefungwa siku nyingi, uzio ume..."

"Kulikuwa na gati?"

Hapo ndipo Begaim alipokumbuka mzee alivyonung'unika asubuhi wakati wa kutandika mkeka. Hapa jua limekaa vibaya, alisema, miavuli inaziba maji, twendeni gatini. Wakamwambia sawa baba, sawa, kula tikiti.

Alikimbia. Nyuma yake Anara alikuwa akimwita Taalai, lakini Begaim hakungoja mtu. Matete yalimkata mikono, kandambili moja ikabaki topeni. Uzio ulikuwa umelala chini kipande kizima, na kwenye waya wake kofia nyeupe ya sufu imenasa.

Alipotokeza upande wa pili alimwona. Afadhali asingemwona, alijisemea. Gati la mbao lilikuwa limeingia mbali ziwani, limeoza, mbao nyingine hazipo. Mzee alikuwa juu yake, zaidi ya katikati, kamera jichoni, uso ameelekeza ufukweni na mgongo ameupa maji. Anarudi kinyumenyume. Hatua, anasimama, anatazama. Hatua nyingine.

"Sogeleaneni!" alikuwa akiwaambia watu wasiokuwepo. "Mama, kaa katikati wewe. Hamtoshi pichani! Ngoja nirudi kidogo."

Nyuma yake gati lilikuwa limebakisha mbao chache, kisha hamna kitu. Maji ya pale ni meusi, na baridi yake inabana hata kifua cha kijana.

"Baba!" Begaim aliita. "Baba, usirudi nyuma!"

Mzee hakujali. Hakuwa baba wa mtu pale alipokuwa. Begaim akakanyaga gati, likalia. Mzee akaishusha kamera kidogo, amekunja uso. "We dada! Unaniharibia picha. Toka mbele ya watu!" Na ili amkwepe, akarudi hatua mbili kwa mpigo.

Begaim akaganda. Akisogea, mzee anarudi. Akisimama, mzee anarudi polepole, lakini anarudi. Kisigino cha mguu ule wa peku kilipapasa ukingo wa ubao, kikatafuta pa kukanyaga, kikapata. Safari ijayo kisingepata.

"Baba!" Hapana. "Babu Aidai!" Hapana. Nani basi angemsikiliza? Mama yake angemsikiliza. Na mama mtu hamwiti mwanawe baba. Begaim alilijua jina, lilikuwa palepale kooni, na koo likalizuia, amini usiamini, mtu anakufa mbele ya macho yake na bado koo linaona haya. Akajipiga ngumi kifuani.

"Beishenaly!"

Sauti ilitoka kubwa, ya kikongwe, haikuwa yake. "Beishenaly! Simama hapohapo!"

Mzee akasimama. Mguu mmoja ulikuwa tayari umeinuliwa, akaurudisha mbele.

"Naam, mama?"

"Njoo hapa." Sauti aliishikilia ileile. "Picha za nini bila wewe? Njoo usimame na sisi. Taratibu. Tazama unapokanyaga, Beishenaly."

"Nani atapiga sasa?"

"Atapatikana. Njoo, mwanangu."

Akaja. Alikuja kama mtoto aliyeitwa chakula, anaruka mapengo ya mbao, kamera inamgonga tumboni. Alipofika karibu Begaim alimdaka mkono, akamvuta, na hakumwachia mpaka wako mchangani. Hapo wakakaa chini wote wawili.

Taalai na Anara walikuwa wamesimama penye matete. Tangu lini, Begaim hakujua, lakini sura zao zilionyesha walisikia. Taalai alikuja akampigia baba yake magoti. Anara hakusogea.

Upepo wa ziwani ukapita. Mzee akapapasa kichwa, hakuikuta kofia. Akatazama gati, akatazama mkono wa Begaim uliomshika, na macho yake polepole yakawa yake tena.

"Mkwe," alisema. "Kuna mtu ameniita."

"Ni mimi, baba. Nisamehe."

"Kwa jina."

"Kwa jina, baba." Begaim aliinamisha kichwa. Shavu lake lilikuwa linangoja lolote. "Nimekosa adabu. Sikuwa na njia nyingine."

Midomo ilikuwa inamchezacheza mzee.

"Mama alikufa," alisema. "Kaka zangu wakafuata, mmoja mmoja. Wenzangu wa jeshini wote wamekwisha. Kwenu mimi ni baba, ni babu, ni mzee. Vizuri, ni heshima, sikatai." Akavuta pumzi. "Lakini miaka yote hii hakuna mtu aliyeniita. Nilidhani wamelizika."

Akamgeukia, akasogeza sikio kama anayeogopa kukosa. "Hebu ita tena."

Begaim alimtazama Anara. Anara alikuwa amejifunika mdomo kwa taulo, mabega yanamruka.

"Mwite, wifi," alisema ndani ya taulo. "Humsikii? Mwite!"

"Beishenaly," akasema Begaim.

"Naam," akaitikia mzee, analia. "Naam, niko hapa."