Mtaa Umejaa

Simu ya kazi iliniambia mtaa umejaa. Nikainua macho. Kuanzia mlango wa benki hadi kwa fundi viatu, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, hapakuwa na gari hata la dawa.

"Dada, umewafukuza?" mdogo wangu aliuliza. Alikuwa ameshika kiatu ambacho mwenyewe hajaonekana tangu Jumatano.

"Nimfukuze nani? Wamekimbia bei."

Na bei ilikuwa ikipanda yenyewe. Kwenye semina walitueleza: mtaa ukijaa, mfumo unapandisha bei ya maegesho ili wasio na shida waende kwingine; nafasi zikipatikana, inashuka. Niliitikia kama wenzangu, chai ilikuwa nzuri. Sasa mtaa mtupu, bei mara nne.

Tena afadhali ingekuwa bei tu. Asubuhi ile msimamizi alinipigia kutoka ofisini.

"Mama Risiti, magari ishirini na mawili yamekaa kwako wiki nzima, na malipo ni ya Jumatatu peke yake. Pesa nyingine unapokea mkononi?"

Mimi! Miaka kumi na tisa nakata risiti mtaa huu, hadi nimepewa jina, na sijala senti ya mtu. Akasema anakuja kujionea mwenyewe. Akiyakuta magari, kazi sina. Nililia palepale, sare mwilini, na wala sikujificha.

Alifika saa nne. Gari lake likasimama katikati ya barabara, taa zikiwaka na kuzima.

"Egesha basi," nikamwambia.

"Mfumo umenikatalia. Unasema hakuna nafasi."

"Baba, si una macho?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kwenye simu yake. Nilimwonea huruma kidogo, kwa sababu sura ile nilikuwa nayo mimi tangu Jumatano. Mwishowe akashuka, akaomba simu yangu.

"Mama, mbona hujabonyeza 'ametoka'? Hata mmoja?"

"Kwani wametoka? Hao ni wateja wangu. Wanalipa Jumatatu, nafasi ni yao mpaka Ijumaa. Mtu akienda zake, naweka jiwe, namlindia. Atarudi."

"Hiyo ilikuwa enzi za risiti! Sasa mtu analipa kwa saa. Usipomtoa, mfumo unajua bado yupo. Ndiyo maana umejaa, ndiyo maana bei imepanda, ndiyo maana wamekimbia."

Nilikaa kwenye kibao cha mdogo wangu. Kumbe mimi ndiye niliyewafukuza wateja wangu, kwa kuwalindia nafasi.

Tukaanza kuwatoa mmojammoja. Mwenye duka la vitambaa, ametoka. Wakili, ametoka. Kila nilipobonyeza roho iliniuma, kama namfungia mtu mlango. Wa mwisho alikuwa mwalimu mwenye gari jeupe, mteja wangu tangu siku ya kwanza. Nikafumba macho, nikabonyeza. Bei ikaporomoka hadi chini kabisa.

"Kwa hiyo mimi si mwizi," nikasema.

"Si mwizi, mama. Nisamehe."

Nikacheka kwa raha. Lakini yeye hakucheka. Alikuwa akipekua simu yake, akipangusa jasho.

"Tatizo ni kwamba jana, nilipoona zile hesabu..." Akanionyesha. Ilikuwa orodha ya wahudumu wa mitaa yote. Mbele ya jina langu paliandikwa: leo saa tano, ametoka.

"Lakini nipo hapa," nikasema.

"Naona."

"Basi nirudishe."

Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Sehemu ya kurudisha mtu siioni. Ngoja niwaulize ofisini." Akaingia garini, akaondoka. Saa tano kamili, simu ya kazi ikazima mkononi mwangu. Kuiwasha, ikaniuliza mimi ni nani.

Hata dakika kumi hazikupita, gari jeupe likakata kona na kuingia kwenye nafasi yake ileile. Niliondoa jiwe kwa mazoea. Mwalimu akateremsha kioo, anatabasamu.

"Nimeona kwenye simu bei imeshuka, nikajua umetusemea. Haya, Mama Risiti, niandike."

Nikaitazama simu, nikamtazama yeye. Jiwe bado nilikuwa nimelikumbatia, na sikujua niliweke wapi.